Mashine ya kadi kwa fundi anayewafuata wateja majumbani: niliyoyapitia mwenyewe

Mkuu mleta uzi, umesema unaosha magari kwa kuwafuata watu majumbani, Masaki na Mikocheni, na kuna wateja wanaokuuliza kama unapokea kadi. Unataka kujua mashine ya benki itakusaidia au itakula faida yako. Mimi ni fundi wa AC hapahapa Dar, natembea na pikipiki na kijana mmoja, na huu ni mwaka wa sita napokea kadi kwenye milango ya watu.

Usichukue mashine kwa sababu mteja mmoja kauliza. Angalia kwanza wateja wako ni nani. Wangu wengi wanalipa kwa Lipa Namba, tunamalizana kabla sijafunga boksi la vifaa. Kadi kwangu ni ya wageni wanaofanya kazi hapa, na ofisi ndogo ambazo bosi anatumia kadi ya kampuni. Wageni zamani walikuwa wananipa dola mkononi. Tangu kanuni za 2025 zipige marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, hesabu zote ni shilingi, na wengi wao hawaweki pesa nyingi kwenye simu. Kama wateja wa namna hiyo unao kila wiki, chukua mashine. Kama ni wawili kwa mwezi, baki na Lipa Namba.

Makato: mimi nakatwa asilimia 3. Kazi ya Sh 150,000 inaniingizia 145,500. Mkataba wangu unakataza kumwongezea mteja hayo makato pale mlangoni, kwa hiyo yaweke ndani ya bei yako tangu mwanzo, kwa wote. Halafu jambo ambalo vijana wengi wanakosea: kile kikaratasi kinachotoka kwenye mashine ya kadi si risiti ya TRA. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, unatoa pembeni, na iandikwe 150,000 nzima, siyo kilichobaki baada ya benki kuchukua chake.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Mwaka wa pili nilifunga AC tatu kwenye nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba alikuwa safarini, tukaelewana kwa WhatsApp, nikamtumia kiungo cha malipo akajaza kadi yake hukohuko aliko. Pesa ikaingia, nikanunua vifaa, kazi ikaisha, akaniandikia ahsante. Miezi miwili baadaye benki ikanipigia: mwenye kadi amepinga muamala, anasema hakupata huduma, lete ushahidi ndani ya siku chache. Nilikuwa na nini? Picha mbili za AC ukutani zisizoonyesha ni nyumba ya nani. Sikuwa na karatasi iliyosainiwa, hata yule mlinzi aliyenifungulia geti sikumwandikisha. Pesa yote ikarudishwa kwake kutoka akaunti yangu, na mishahara ya mwezi ule nikaikopea.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa pesa ya kadi ikiingia bado inaweza kutoka. Kwa madai mengi kanuni za Visa na Mastercard humpa mwenye kadi hadi siku 120. Na miamala hailingani. Kadi iliyochomekwa kwenye mashine mbele yako na mwenyewe akabonyeza namba ya siri, ni vigumu sana kuja kusema siyo yeye. Kadi iliyojazwa kwa mbali, mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe. Ndiyo maana siku hizi kazi kubwa silipwi kwa kiungo ila kwa mteja ninayemjua. Wengine wote wanachomeka au wanagusisha kadi mlangoni, na kabla ya hapo wanasaini karatasi ya kazi: tarehe, anwani, nilichofanya, kiasi. Kwako wewe hata picha ya gari kabla na baada, namba ya usajili ikionekana, inatosha kuanzia.

Usikubali kamwe mteja akutumie picha ya kadi au akusomee zile tarakimu tatu za nyuma kwenye simu. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini zikivuja popote, wa kwanza kutajwa ni wewe. Na kadi isitoke mkononi mwake. Mpelekee mashine, geuka pembeni anapobonyeza.

Mtandao nao una mitihani yake. Mashine inatumia laini ya simu, na kuna maghorofa ukiwa kwenye maegesho ya chini haishiki kitu. Ilinitokea mashine ikaandika imeshindikana, nikachanja tena, mteja akapata ujumbe wa kukatwa mara mbili. Alikuwa mama mtu mzima, akaniangalia kama mwizi. Tangu siku ile, mashine ikigoma nasimama. Namuomba mteja aangalie ujumbe wa benki yake, nachapa taarifa ya muamala wa mwisho, na kama kwake imekatwa na kwangu haipo, napiga simu benki tukiwa wote palepale. Mara nyingi pesa ile imeshikiliwa tu na itaachiwa, lakini lazima mtu wa benki amwambie yeye mwenyewe.

Vitu vidogo: jioni funga hesabu za mashine kama yako haijifungi yenyewe, la sivyo pesa inachelewa. Nakala zako zipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi zile zikikaa kwenye boksi la pikipiki juani zinafutika. Siku hizi kuna programu zinazogeuza simu ya Android yenye NFC, ile ya kusoma kadi kwa kugusisha, kuwa mashine, hazina karatasi wala kifaa cha pili cha kuchaji. Kwa kazi yako ya maji na sabuni huenda zikakufaa kuliko mashine, waulize benki wanayo ipi.

Na kabla hujasaini, waombe wakuazime mashine siku moja. Zunguka nayo kwenye mageti ya wateja wako, hasa yale maegesho ya chini, uone inashika wapi na inakata wapi. Benki ya kwanza niliyoiomba ilikataa, ya pili ikakubali. Niko na hiyo ya pili mpaka leo.