Uliza Tukujibu: Baharia na bia ya wamonaki

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni baharia, kwetu Likoni, na mwezi ujao meli yetu inatia nanga Antwerp siku tatu hivi. Mwenzangu kanambia huko Ubelgiji kuna monasteri wamonaki wenyewe ndo wapika bia, ati tamu ajabu, sasa nataka nende ninunue kreti tano, mbili zangu, tatu nimuuzie jamaa mwenye baa Mtwapa. Naweza kwenda tu nikanunua? Mamangu Mkatoliki anasema ni uongo, mtu wa Mungu hapiki pombe.
Baharia, Likoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mwambie si uongo. Hao ni Watrapisti, shirika la watawa wa Kikatoliki, wanafuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto inayotaka mmonaki ale jasho la mikono yake, na kanuni hiyohiyo inampimia kila mmoja divai yake kwa siku, sembuse bia. Ili iitwe ya Kitrapisti lazima ipikwe ndani ya kuta za monasteri, wamonaki wenyewe wapike au wasimamie, na faida iende kwa matunzo yao na sadaka.

Nadhani mwenzako anasema Westvleteren, monasteri ya Saint-Sixtus, kule magharibi karibu na mpaka wa Ufaransa, wanapika tangu miaka ya 1830. Sasa hapo ndo kwenye kazi. Huendi tu ukabisha hodi. Zamani ilikuwa kupiga simu, tangu 2019 unaagiza kwa intaneti, unaandikisha namba ya gari na saa utakayokuja kuchukua. Kreti tano sahau, wanakupimia. Na hiyo biashara ya Mtwapa toa kabisa kichwani manake wanauza kwa sharti usiende kuuza tena. Sisi twasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, hawa walisifiwa dunia nzima bia yao ni nambari wani, foleni za magari zikajaa barabara ya shamba, nao hata kuongeza mapipa wakakataa! Wao wanapika wapate kusali, basi.

Mimi nilienda kichwa kichwa bila kuagiza, kosa langu, nikaishia mkahawa wao ulio mkabala, unaitwa In de Vrede, na wallahi sikujuta. Na wewe fanya hivo, panda treni mpaka Poperinge halafu teksi. Wana aina tatu, utazijua kwa kizibo: kijani ni ile nyepesi, bluu ni ile waiitayo 8, njano ndo 12 yenyewe, hiyo iliyosifiwa, kilevi asilimia 10.2. Inakuja kwenye glasi pana ya mguu kama kikombe cha padri, rangi kama juisi ya ukwaju iliyokolea, povu zito. Kula kwanza. Mimi ya pili tu nilisimama nikaona sakafu inakwenda kama feri ya Likoni na maji yamejaa, na wewe una meli ya kuwahi.