Chuma kiguse karatasi kwanza: kwa wadogo zangu wa chumba cha wigi

Juzi nimemwona mmoja wenu akitoa chuma cha Marcel, koleo la moto la kukunjia mawimbi ya nywele, kwenye jiko na kukipeleka moja kwa moja kichwani kwa mtu. Nilimdaka mkono hata salamu sijatoa. Jana yake mwingine alimvika mhusika wa mwaka 1921 gauni la matamvua linaloishia magotini, akamchomeka na unyoya kwenye utepe wa kipajini. Nina miaka kumi na sita katika kazi hii, tangu saluni ya jiko la mkaa pale Ilala hadi meza hizi za ukumbi wa michezo ya kuigiza Ulaya, na makosa yote mawili niliyafanya mimi kabla yenu. Nawapenda, ndiyo maana nimekaa kuandika.

1. Ulizeni mwaka kabla hamjafungua sanduku. "Miaka ya ishirini" haitoshi. Mwaka 1923 pindo la gauni lilikuwa karibu na kifundo cha mguu. Lilipanda hadi chini kidogo ya goti 1926 na 1927, kisha 1929 Jean Patou, mbunifu wa mavazi wa Paris, akaliteremsha tena. Nywele ni vilevile. Irene Castle, mcheza dansi wa Marekani, alikata bobu, nywele fupi za usawa wa taya, mapema, miaka ya 1914 na 1915, lakini kisogo kilichopunguzwa hadi kuishia kwa ncha, ile shingli, kilishika mnamo 1924, na mkato wa Eton, mfupi kama wa mvulana wa shule, ukafuata. Mhusika wa 1921 mwenye kisogo kilichonyolewa ametoka mwaka mwingine. Na matamvua mnayapenda mno, jamani! Magauni ya usiku ya wakati ule yalijaa shanga zaidi. Gauni halisi la shanga lilazwe, lisitundikwe, maana uzito wake mwenyewe unachana hariri mabegani.

2. Kofia ndiyo mwenye nyumba. Kloshi kwa Kifaransa ni kengele, na kofia hiyo ilivutwa hadi karibu na nyusi. Juu ya fundo la nywele haiingii. Basi kofia ijaribiwe kwanza, nywele baadaye. Kinachoonekana chini ya ukingo ni kipande cha shavuni na kisogo tu, na hapo ndipo jicho la mtazamaji linapotua. Msinimalizie saa nzima utosini.

3. Chuma. Hapa nisikilizeni.

Mwaka wangu wa pili hapa tulikuwa na mchezo wa kuigiza unaotokea Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York, mwaka 1926. Mwigizaji mkuu alikuwa dada mwenye nywele za kipilipili, zake mwenyewe. Mwongozaji hakutaka wigi, kwa sababu kulikuwa na onyesho ambalo anavua kloshi mbele ya kioo na kujitazama kimya, mawimbi yakimeremeta. Mchezo mzima ulikuwa unasubiri dakika ile.

Mimi nilichoma nywele kwa chanuo la chuma tangu nina miaka kumi na minne. Moto niliupima kwa kusogeza chuma karibu na shavu, kama nilivyofundishwa, na kwenye mkaa sikuwahi kukosea. Lakini jiko la umeme la vyuma lina moto mwingine, mkavu na mkali, na shavu langu halikuujua. Kingine, nilikuwa nimempaka ute wa mbegu za kitani kichwa kizima, nikagusa juu, nikaona pamekauka. Ndani palikuwa na maji. Karatasi nyeupe ya kupimia moto ilikuwepo mezani. Niliiona, nikaiona ni ya wanafunzi.

Nilibana juu ya sikio la kushoto. Kikalia kama kitunguu kinapogusa mafuta, mvuke ukapanda, na nilipofungua chuma, shungi la upana wa kidole lilibaki humo. Hakupiga kelele. Alipeleka mkono sikioni, akauliza, "Zimekatika?" Zilibaki dakika arobaini pazia lifunguliwe.

Aliingia jukwaani na kloshi kichwani na hakuivua usiku ule. Alikaa mbele ya kioo, akagusa ukingo wa kofia, akainuka. Watazamaji hawakujua walichonyimwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikijua.

Ila kuunguza nywele siko kunakoniuma zaidi. Mkuu wangu aliponiuliza, nilisema nywele za yule dada zilikuwa dhaifu. Nikasema ni za aina ngumu, hazishiki mawimbi. Mimi, mwenye nywele zilezile! Yeye alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Baadaye nikajua zilikuwa zimepukutika baada ya kujifungua na alikuwa ndiyo kwanza amezikuza tena. Kesho yake nilikwenda kwa mkuu nikasema kweli, kisha nikaenda kwake. Alinisamehe mapema kuliko nilivyoweza kujisamehe, akaniruhusu nizipunguze pande zote mbili zilingane.

Kwa hiyo bana karatasi, hesabu hadi tano, fungua. Ikigeuka rangi, chuma kirudi kupoa. Na nywele zikauke hadi kwenye ngozi.

4. Ya haraka haraka. Vimeta vingi vya enzi ile ni vya jelatini: mvuke usivifikie, vinayeyuka. Hariri iliyotiwa chumvi za madini ili iwe nzito hukatika kwenye mikunjo, msiikunje. Kifua kibanwe kwanza, ndipo gauni lipimwe, la sivyo kiuno cha nyongani hakikai.

5. Nisisikie tena kwamba mitindo hii "haikuwa ya nywele zetu". Harlem ilijaa saluni za wanawake weusi. Madam C. J. Walker, mfanyabiashara mweusi wa mafuta ya nywele, alifariki 1919 akiwa ameshafunza mawakala maelfu, na binti yake A'Lelia akaendesha saluni na shule pale mtaa wa 136. Kule St. Louis, Annie Malone, naye wa biashara hiyohiyo, alifungua Chuo cha Poro cha mafundi wa nywele mwaka 1918. Josephine Baker, mcheza dansi mweusi wa Marekani, alifika Paris 1925 akiwa na miaka 19, na nywele zake zilizolazwa kichwani kama rangi iliyopakwa zikawafanya wanawake wa huko wanunue mafuta ya Bakerfix wafanane naye. Mafundi wale walijua moto, mafuta na subira. Mtindo ukikataa kwenye kichwa cha mtu, angalieni mkono wenu kabla ya kuzisema nywele zake.

Jumatano saa tatu asubuhi tunafanya mawimbi kwenye vichwa vya mazoezi, halafu jioni anakuja dada mmoja mwenye kipilipili kizuri, ana kovu dogo kwenye ncha ya sikio la kushoto. Amekubali mjifunzie kwake. Kila mtu aje na kitana cha mkia na vibanio vyake. Karatasi nyeupe zipo droo ya pili.