"Itanyesha", "huenda itanyesha" au "huenda ikanyesha"?

SWALI: Mimi ni nahodha wa mashua ya dagaa, Kilwa Masoko. Kila Jumapili naangalia kwenye simu utabiri wa wiki nzima unaotokana na modeli za kompyuta, kisha nawaandikia wenzangu ujumbe mfupi. Majuzi niliandika, "Alhamisi upepo utavuma sana." Watu wakabaki nchi kavu, na bahari ikawa shwari kutwa nzima. Sasa naitwa mwongo. Niliandika nilichokiona. Je, ningesema "huenda utavuma"? Au "unatarajiwa kuvuma"?

JIBU: Nahodha, uliyoyaona kwenye simu hukuyazua. Kilichokuponza ni silabi moja tu, *-ta-*.

Kiambishi hiki kinakufaa sana unapozungumzia maji kujaa na kupwa. "Ijumaa maji ya bamvua yatajaa" ni kauli salama kwa sababu bamvua hufuata mwezi, na mwendo wa mwezi unajulikana miaka mingi kabla. Upepo wa Alhamisi haufuati kalenda ya namna hiyo. Ukiupa *-ta-* ileile, msikilizaji anaupokea kwa uzito uleule wa bamvua.

Kiswahili kina neno la kazi hii, nalo ni *huenda*. Lakini lina masharti yake. Kwa jambo lijalo, kitenzi kinacholifuata huchukua *-ka-*: "huenda upepo ukavuma", "huenda mvua ikanyesha". Ukikanusha, unasema "huenda mvua isinyeshe". "Huenda itanyesha" nalisikia kila siku, hata kwa watangazaji wazuri, na bado linanikwaza: *huenda* linaacha mlango wazi, *-ta-* inakuja kuufunga. Ukitaka kubaki na *-ta-*, tumia *labda*: "Labda mvua itanyesha." Hapo hakuna ugomvi.

Kuhusu *tarajia*, wazee wengi husikia ndani yake harufu ya tumaini. Mtu hutarajia mgeni au mshahara. Ndiyo maana "kimbunga kinatarajiwa" huwashtua. Matumizi yamekwisha kupanuka na mimi siyapingi, ila kwa jambo la hatari napendelea "inahofiwa". Mwezi Aprili 2021 tulitangaziwa kuwa kimbunga Jobo kinaelekea pwani yetu, kikapoteza nguvu kabla ya kutufikia. Mei 2024 Hidaya kilifika, na Mafia wanakikumbuka. Kabla ya siku yenyewe, vyote viwili vilistahili kauli yenye *huenda* ndani yake, na watu kujiandaa vilevile. *Huenda* si ruhusa ya kupuuza.

Sasa utajuaje lini useme lipi? Hapa inabidi kujua modeli inafanya nini. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa muda wa kati, chenye makao yake Reading, Uingereza, hakikokotoi wiki ijayo mara moja. Hukokotoa mara 51 kwa mpigo, kila mara kikianza na hali ya hewa iliyotofautiana kidogo sana na nyingine, kwa kuwa hakuna anayeweza kuipima anga yote ya leo bila kukosea. Zichukulie kama mashua 51 zinazong'oa nanga pamoja. Siku ya kwanza na ya pili unaziona zote kundi moja. Ikifika siku ya saba, mara nyingi zimetawanyika, nyingine huzioni kabisa. Zikibaki pamoja, sema kwa nguvu. Zikitawanyika, punguza sauti.

Na ile asilimia kwenye simu ndiyo inayopotosha zaidi. "Mvua asilimia 40" si mvua ya nusu siku, wala mvua hafifu. Kwa mfano wetu, ni kama mashua 20 kati ya 51 zimelowa. Kwa hiyo andika kwa ukamilifu: "uwezekano wa mvua kunyesha ni asilimia 40". Ni maneno mengi zaidi, lakini neno *uwezekano* ndilo linalobeba maana yote.

Modeli yenyewe, kwa maoni yangu, *huonyesha*; anayetabiri ni mtaalamu aliyeifasiri, anayejua pia kusi letu na tabia zake. Kwa siku za mbali kuna neno zuri zaidi ya yote: *dalili*. Waliosema "dalili ya mvua ni mawingu" walichagua neno kwa uangalifu. Hawakusema mawingu ni mvua.

Jambo moja usilichezee. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa "angalizo", "tahadhari" au "tahadhari kubwa", nakili neno lilelile. Hizo ni ngazi tatu zinazopandana, na anayeandika "tahadhari" mahali pa "angalizo" amepandisha ngazi bila idhini.

Ujumbe wako wa Jumapili ile ningeuandika hivi: "Kesho na keshokutwa bahari itakuwa shwari. Kuna dalili za upepo mkali Alhamisi, ila huenda usivume. Jumanne jioni nitaangalia tena na kuwaambia." Jumanne hiyo, modeli zikiwa bado zinakubaliana, ndipo uandike: "Alhamisi upepo utavuma."