Judo ilinifundisha kuanguka, duka likanirudisha darasani

Ndugu uliyeuliza kama mafunzo ya mapigano humsaidia kweli mfanyabiashara au ni maneno ya semina tu, nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe: nimecheza judo kwa miaka kumi na moja hapa Unguja, na katika saba ya mwisho nimekuwa nikiendesha duka la vifaa vya ujenzi.

Mwanafunzi wa judo haanzi kwa kumwangusha mtu. Huanza na ukemi, yaani kuanguka: kidevu kimebanwa kifuani na mkono unapiga tatami, mkeka wa mazoezi, wakati uleule mgongo unapofika chini, ili kishindo kiishie mkononi na kisogo kibaki salama. Miezi miwili ya mwanzo nilianguka tu, nikaona napotezewa muda. Nilipofungua duka nikalisahau somo hilo kabisa. Mkandarasi mmoja alichukua kwa mali kauli mifuko 280 ya saruji, karibu nusu ya mtaji wangu, akalipa awamu ya kwanza, kisha simu yake ikawa haipokelewi. Hapo niliangukia kisogo. Tangu siku hiyo mteja mmoja, hata awe shemeji yangu, hakopeshwi zaidi ya asilimia tano ya mtaji, na daftari la madeni hukaguliwa kila Ijumaa kabla ya swala. Bado nadhulumiwa mara mojamoja, ila sasa kinachouma ni mkono tu.

Jambo la pili Jigoro Kano, aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alilieleza kwa hesabu. Mwenye nguvu kumi akimsukuma mwenye saba, huyu wa saba akikaza hushindwa. Lakini akirudi nyuma kwa kadiri anavyosukumwa, yule wa kumi huyumba mbele na kubakiwa na nguvu kama tatu, ilhali mwenzake bado anazo saba zake zote. Lilipofunguliwa duka jipya hatua chache kutoka kwangu, likauza saruji kwa shilingi 600 chini ya bei yangu, na mimi faida yangu kwa mfuko ilikuwa 500 tu, kumfuata kungekuwa kukaza. Nilibakiza mifuko ishirini juu ya chaga, maana unyevu wa hapa huigandisha saruji upesi, wateja wengine nikawaelekeza kwake, na fedha iliyofunguka nikaitia kwenye misumari, bawaba, waya wa kufungia nondo na viungio vya mabomba, vitu ambavyo fundi huvihitaji saa nne asubuhi kazi ikiwa imesimama, wala hana muda wa kubishania bei. Mwezi wa tano jirani alipandisha bei yake.

Ninapoachana na wahamasishaji ni pale wanapomgeuza kila mtu sokoni kuwa adui. Unayemwangusha mazoezini amekuazima mwili wake, na zamu inayofuata ni yako kuangushwa. Ukimvunja bega leo, kesho huna wa kujifunza naye. Kano aliliita jambo hilo jita kyoei, kustawi pamoja. Mimi na jirani yule sasa tunaagiza nondo kwa lori moja na kugawana nauli, ingawa bei anayomtoza fundi hajaniambia, nami yangu sijamwambia.