Okidi Haina Sumu kwa Mbwa, Ila Chunguza Chungu Chake

Jioni moja nilimkuta mbwa wangu, Simba, amejilaza katikati ya sebule, maua matatu ya okidi yametapakaa mbele yake na la nne linaning'inia mdomoni. Hakuonyesha haya hata kidogo. Niliyetetemeka ni mimi.

Nikampigia daktari wa mifugo. Akataka kujua ni okidi ya namna gani. Nikamweleza: majani mapana na manene, maua kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Akasema hiyo ni Phalaenopsis, haina sumu kwa mbwa wala kwa paka. Akila nyingi huenda akatapika au akaharisha, basi. Nikashusha pumzi. Halafu akauliza, "Umeitia mbolea lini?"

Juzi yake tu. Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa.

Mbolea unayoichanganya na maji huchuruzika hadi kwenye kisahani cha chini, na mbwa akiwa na kiu hachagui bakuli. Inaweza kumvuruga tumbo vibaya. Dawa ya wadudu ndiyo ya kuogopwa zaidi, hasa ile inayofyonzwa na mmea: huingia ndani ya majani, kwa hiyo kuyafuta kwa kitambaa hakusaidii. Tazama pia kilichomo chunguni. Okidi hizi hazioteshwi kwenye udongo wa kawaida, bali kwenye vipande vya magome ya miti na nyuzi kavu zinazotunza unyevu. Mbwa akivimeza kwa wingi vinaweza kuziba utumbo. Kuna na kile kijiti cha kuegemeza shina, pamoja na vibanio vyake vya plastiki. Simba alikuwa amekivunja vipande viwili. Nilivitafuta vyote kwa magoti, chini ya makochi, mpaka nikahakikisha hakumeza kitu.

Ukizawadiwa kikapu chenye mimea mchanganyiko, usiseme "ni okidi" ukaridhika. Dieffenbachia, ule mmea wa mapambo wenye majani makubwa ya mabaka meupe, huunguza mdomo na kuuvimbisha, na Cycas, ile inayofanana na mnazi mdogo, huharibu ini na inaweza kumuua mbwa. Mimi mmea nisioujua jina hauingii ndani.

Na tafadhali, usimnyweshe mbwa maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwake. Piga simu kwanza, ukiwa na pakiti ya mbolea au dawa mkononi ili usome kilichoandikwa. Akitapika mfululizo, akalegea, au akashindwa kupata choo, usingoje kukuche.

Simba alitapika mara moja usiku, na asubuhi alikuwa amesimama mbele ya bakuli lake akinidai chakula. Okidi niliikata shina juu kidogo ya kifundo, nikaihamishia kwenye rafu ya juu. Baada ya miezi kadhaa ikachipua tawi jipya la maua. Simba hulitazama kutoka chini, shingo imeinama upande.