Ndege wa Aisilandi kwa wiki moja

Dadangu, umeuliza kama wiki moja yatosha kuzunguka Aisilandi kwa gari ukitazama ndege. Nakusihi usizunguke. Barabara Namba 1, inayoizunguka nchi, ina kilomita kama 1,330. Utaishia kuona lami tu. Kaa upande wa magharibi, kwenye majabali ya Látrabjarg, kilomita 14 za ndege watupu. Pafini, ndege wa baharini wenye midomo ya rangi, huchimba mashimo yao pale juu ukingoni. Chungulia ukiwa umelala kifudifudi, maana udongo humeguka. Nenda Juni, usiku hauna giza. Kufikia mwisho wa Agosti pafini wamesharudi baharini. Kipande cha mwisho cha barabara ya kwenda Látrabjarg ni changarawe, kwa hivyo kata bima inayofidia gari likiharibiwa na mawe. Na sisi wa Mombasa tumezoea kuendesha kushoto, huko ni kulia: ukishuka kwenye ndege, lala kwanza ndipo ushike usukani.