Kabla hamjafunga mfumo, kaeni na mtunza stoo

Wiki hii nimepokea tena ripoti ya kijana mpya: kompyuta 10 zimefungwa, watumiaji wamefundishwa, mradi umekamilika. Imeniuma, maana ripoti kama hiyo nimewahi kuiandika mimi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili mnalirudia kila mwaka.

1. Jueni kazi kabla ya mashine. Mwaka 1987 mwanauchumi Robert Solow aliandika kwamba zama za kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Chuoni niliyasoma hayo nikayakariri kwa ajili ya mtihani. Kisha nikapewa stoo. Nikafunga mfumo wa kompyuta wa kuhesabu bidhaa, nikaingiza bidhaa zote, nikaondoka. Baada ya miezi miwili, kufunga hesabu za mwezi kulikokuwa kunachukua siku tatu kukawa siku tano. Nikasema mbele ya mkuu kwamba mama mtunza stoo hataki kubadilika.

Siku moja yule mama akanivutia kiti. Mzigo ukaingia. Akaandika kwenye leja, lile daftari la hesabu, kwa kuwa mkaguzi anaitaka. Akaingiza kwenye mfumo. Akachapa, akapeleka karatasi isainiwe, kisha mhasibu akaichukua na kuingiza tarakimu zilezile kwenye eksel yake. "Mwanangu," akaniambia, "zamani niliandika mara moja." Nilimwomba radhi. Lakini maneno niliyoyasema kwa mkuu yalikuwa yameshamfikia, na alikuwa amefanya kazi nayo moyoni miezi miwili.

2. Wekeni nakala rudufu ya data (backup) kila siku, na mjaribu kuirejesha kweli.

3. Faili la eksel la aina ya zamani, xls, linaishia mstari wa 65,536. Msilifanye ghala la data.

4. Punguzeni hatua. Viwanda vilipopata umeme, vingi viliondoa injini ya mvuke na kuweka mota moja kubwa palepale, mikanda ya kuzungushia mashine zote ikabaki ileile. Faida kubwa ilikuja miaka mingi baadaye, kila mashine ilipopata mota yake na sakafu ikapangwa upya. Kwenye stoo ile, sisi tulikaa na mkaguzi, akakubali ripoti ya mfumo badala ya leja. Mhasibu akaanza kusoma humohumo. Kufunga mwezi kukashuka hadi siku moja. Mama aliifunga leja ya mwisho mwenyewe, akapiga mstari mwekundu chini ya jumla, akanikabidhi. Iko kabatini kwangu. Atakayeniletea ripoti ya "mradi umekamilika" nitamfungulia ukurasa ule kwanza.